Trekta Halijafa, Iliyokufa ni Injini

Najua nimepotea. Nilikuwa uani kwa mjomba wangu, Tandika, nimeshika tochi. Ndiyo, tochi! Mwandishi wa habari mzima, mwenye shahada iliyotundikwa sebuleni kwa mama, kwa wiki tatu kazi yangu ya jioni ilikuwa kummulikia mzee wa miaka 61 akifungua nati zilizoshika kutu. Leo nimerudi na nina hasira. Tuvumiliane.

Kisa kinaanzia kwenye shule moja hapa Dar. Siitaji jina, maana shida yenyewe si ya shule moja. Shule hiyo ilikuwa na trekta dogo la kukatia majani, yale ya kukalia, yenye usukani na visu chini ya tumbo. Lilikuja zamani ndani ya kontena la msaada. Miaka nenda miaka rudi lilikata majani ya uwanja wa mpira mpaka siku dereva aliposahau kuangalia oili. Injini ikanoki. Konrodi ilikatika na kutoboa bloku, tundu la kupitisha kidole gumba. Injini ya pistoni moja, nguvu za farasi 12. Kwishnei.

Mjomba ndiye aliyeitwa kuikagua. Akasema kweli: injini hii haitengenezeki kwa bei ya maana. Lakini akaongeza neno: "Trekta hili bado zima. Chesi nzima, giaboksi nzima, breki zipo, tairi mbili nimeziziba mwenyewe mwaka jana. Nipeni kazi, niliwekee mota ya umeme na betri."

Kamati ikacheka. Sisemi walitabasamu, nasema walicheka. Mjumbe mmoja akamwambia, "Mzee, sisi tunataka kitu cha kisasa." Wakaagiza trekta jipya la petroli na lile la zamani wakaliuza kwa kilo, kama chuma chakavu.

Hebu lisome tena sentensi hilo la mjumbe. Anayependekeza umeme ni wa zamani. Anayenunua petroli ni wa kisasa. Kwa nini? Kwa sababu wa kwanza amevaa ovaroli yenye grisi na wa pili amekuja na tai na katalogi ya rangi.

Mjomba akalinunua yeye mwenyewe. Kwa kilo.

Sasa tuulizane. Nani alituambia kwamba kitu cha umeme lazima kiwe kipya, kitoke kiwandani kimefungwa nailoni, na kije na mtaalamu wa kutufundisha kubonyeza swichi? Umeme kwenye mashine za shamba ni jambo la babu zetu. Mwaka 1879, kule Sermaize, Ufaransa, watu walivuta plau shambani kwa nguvu ya umeme. 1879! Mkutano wa Berlin wa kutugawana ulikuwa bado. Na mwaka 1969 kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza kuuza trekta la bustani la umeme lililoitwa Elec-Trak. Lilikuwa na betri sita za volti 6, jumla volti 36. Mashine yake ya kukatia majani ilikuwa na mota moja kwa kila kisu. Unarudi nyumbani, unalichomeka ukutani kama pasi, unakwenda kulala.

Miaka miwili baadaye, 1971, wanaanga wa Apollo 15 waliendesha gari juu ya mwezi. Gari lile nalo lilitumia betri za volti 36, na kila gurudumu lilikuwa na mota yake ya robo farasi. Yaani mwanaanga kule juu na mzee wa Marekani aliyekuwa akikata majani nyuma ya nyumba yake walikuwa na volti zilezile. General Electric iliacha kutengeneza Elec-Trak katikati ya miaka ya 1970, lakini hadi leo wapo watu Marekani wanaozitumia, kwa kubadilisha betri tu. Mashine za zaidi ya miaka hamsini! Halafu wewe, mwaka huu, unamcheka mjomba wangu kwamba anaota ndoto?

Haya, turudi uani Tandika nikueleze kilichofanyika. Nakieleza kwa makusudi, maana mambo haya yakibaki kuitwa "teknolojia" yanageuka uchawi, na uchawi ni biashara ya waganga.

Kwanza unatoa. Injini nje, tanki la petroli nje, ekzosi nje, kabureta na waya zake zote nje. Kinachobaki ni fremu, giaboksi, magurudumu, usukani, visu, na puli na mikanda inayoviunganisha. Hapo ndipo nilipopata somo la kwanza. Trekta lote linachotaka kutoka kwa injini ni kitu kimoja: shafti inayozunguka. Mkanda haujui kama puli inazungushwa na moto wa petroli au na sumaku. Mkanda hauna itikadi.

Kisha unatafuta mota. Hapa mjomba nusura auawe na rahisi. Gerezani alipata mota ya foklifti iliyokufa, volti 48, bei ya kutupa. Jirani yetu, fundi umeme mstaafu, alipoiona akasema, "Hiyo usiiwashe ikiwa huru." Mota nyingi za foklifti za zamani ni za aina ambayo ukiziwasha bila mzigo huongeza kasi, huongeza, huongeza, mpaka zijipasue. Ikiwa kwenye trekta linaloendeshwa kwa mkanda, siku mkanda ukikatika mzigo umeondoka, na wewe umeikalia. Mjomba akaivumilia hasara ile. Akaagiza mota ya sumaku ya kudumu, kilowati 5, pamoja na kontrola yake. Mota ya namna hiyo kasi yake inafungwa na volti unazoipa, haikimbii wazimu.

Wajuaji mtaniuliza: farasi 12 ni karibu kilowati 9, tano zitatosha wapi? Zinatosha. Injini ya petroli inafikisha farasi zake zote kwenye mzunguko wa juu tu, ikiwa inapiga kelele. Mota ya umeme inatoa nguvu yake kubwa ya kusukuma tangu ikiwa imesimama, na kwa dakika chache inaweza kubeba zaidi ya ilivyoandikiwa, mradi isipate joto kupita kiasi.

Fundi wa kuchonga chuma akakata bati la milimita 10, likatobolewa matundu palepale zilipokuwa bolti za injini, mota ikasimamishwa shafti ikiangalia chini, puli ya zamani ikarudishwa. Betri ni moja ya zile za lithiamu ambazo watu wanafunga majumbani kwa ajili ya sola, volti 51, ampea 100 kwa saa. Hizo ni kama uniti 5 za umeme ukiihesabu kama Luku. Fyuzi kubwa, waya nene kama kidole, swichi nyekundu ya dharura karibu na mkono, na swichi ya kiti: ukinyanyuka, visu vinasimama.

Siku ya majaribio tukapanda kimlima kidogo nyuma ya nyumba. Trekta likazima. Kimya. Mimi nikasema basi, tumeungua. Mjomba akaketi kwenye ndoo akawaza. Kumbe betri ina ubao wa kujilinda ndani yake: ukiivuta zaidi ya ampea 100, inajifunga. Haikuwa imeungua, ilikuwa imegoma. Akapunguza kiwango cha umeme kwenye kontrola kisizidi ampea 90, akafunga puli ndogo zaidi kwenye mota ili giaboksi ipate nguvu na kupoteza mwendo kidogo. Tukapanda tena. Likapanda likiimba kama cherehani.

Mzee huyu aliacha shule darasa la saba. Nani kati yetu wenye shahada angeketi kwenye ndoo akalijua hilo?

Tuje kwenye pesa, maana najua mnaingoja. Lita moja ya petroli ina nishati ya kama uniti 9 za umeme. Lakini injini ndogo kama ile inaigeuza chini ya robo kuwa kazi, iliyobaki inakwenda hewani kama joto na kelele. Kwa hiyo kutoka lita moja unapata kazi ya kama uniti 2. Kuipata kazi hiyohiyo kwa umeme, ukihesabu kinachopotea kwenye chaja, betri na mota, unahitaji kama uniti 3. Mimi nikinunua umeme wa elfu kumi napata kama uniti 28, maana yake uniti 3 hazifiki shilingi 1,100. Petroli kwa miaka kadhaa imekuwa ikicheza karibu na shilingi 3,000 kwa lita. Theluthi moja ya gharama, ndugu zangu, na hapo nimehesabu kwa ubahili. Sijagusa oili, plagi, filta ya hewa na safari za kwenda kununua petroli kwa dumu.

Siwadanganyi, ina mipaka. Betri ikijaa inakata kama robo tatu ya uwanja wa mpira, halafu inaanza kuchoka karibu na goli la pili. Unachaji mchana, unamaliza jioni. Kulima shamba la ekari kumi haiwezi na haikukusudiwa. Betri ndiyo iliyokula pesa nyingi kuliko vyote. Ukijumlisha kila kitu, na ile hasara ya mota ya kwanza, haikufika nusu ya bei ya trekta jipya. Na kuna hatari: umeme wa volti 51 unaweza usikurushe, lakini ukidondosha spana juu ya vichwa vya betri itawaka kama kuni. Kazi hii si ya kuchezea. Ni ya fundi.

Neno hilo hasa ndilo lililonileta leo. Fundi.

Wapo watakaosema, umeme wenyewe unakatika. Hii hoja naijua, tulilala gizani pamoja wakati wa mgao wa 2023. Lakini trekta la majani linafanya kazi saa mbili na kupumzika siku tatu. Linachajiwa usiku wowote umeme ukiwepo. Betri yake ni ghala. Ni afadhali kuliko lile la petroli: umeme ukikatika na pampu za kituo cha mafuta nazo zinasimama! Wengine watasema umeme wetu nao unachomwa gesi. Sehemu yake ni kweli. Lakini tangu Februari 2024 mitambo ya Bwawa la Nyerere ilianza kuwashwa mmoja baada ya mwingine, bwawa lenye uwezo wa megawati 2,115. Maji ya Rufiji ni yetu. Petroli inakuja kwa meli na tunailipia kwa dola tunazozililia kila mwaka.

Wengine nao watasema: mota na betri si zimetoka nje? Zimetoka nje, sikatai. Vitu viwili na kontrola yake, vinavyoenea kwenye buti la gari dogo. Trekta jipya lingetoka nje lote, mpaka nati. Na mota ile ikifa kesho, mjomba anajua ilivyofungwa kwa sababu aliifunga yeye. Lile jipya likifa, mnasubiri mtu wa kampuni.

Na wala hatuko peke yetu. Nairobi, kampuni ya Opibus iliyoanzishwa 2017, ambayo tangu 2022 inaitwa Roam, ilianza kwa kutoa injini za dizeli kwenye Land Cruiser na kuweka mota za umeme. Arusha nako yapo magari ya watalii yaliyofanyiwa hivyo, yanapita karibu na tembo bila kuwashtua. Tunapiga makofi, tunapiga picha. Lakini mbona makofi hayo yanakuja tu pale kazi ikifanyika kwenye karakana yenye kiyoyozi na nembo mlangoni? Kazi ileile ikifanyika Tandika, chini ya mwembe, jina lake linakuwa "kuungaunga".

Mimi nawalaumu wa aina mbili.

Aina ya kwanza ni kamati. Kamati za shule, za hospitali, za halmashauri, za hoteli. Nyuma ya majengo yenu kuna makaburi ya mashine: matrekta, jenereta, zile pawatila zilizoletwa kwa mbwembwe baada ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa 2009. Mnasubiri zioze ili mpate sababu ya kuagiza. Kabla hamjaandika "haifai kwa matumizi", mmemuuliza fundi ni kipande gani hakifai? Mtu akivunjika mguu humziki.

Aina ya pili ni sisi. Mimi na wewe unayesoma hapa, uliyesoma kizungu na kuhitimu. Sisi ndio tunaokwenda kwenye semina za "nishati safi", tunapewa begi, kalamu na chupa ya maji ya plastiki, tunarudi kuandika habari aya sita zinazoanza na jina la mgeni rasmi. Mimi nimeziandika, wala sijifichi. Kwa miaka minne nimeandika kuhusu nishati, na sikuwahi kumhoji hata fundi mmoja. Mjomba wangu mwenyewe sikumhoji! Nilimwona kama mtu wa kumsalimia Idi na kumwachia elfu kumi.

Nataka nini basi? Nataka VETA wafundishe kazi hii kama wanavyofundisha kufunga nyaya za nyumba: namna ya kuchagua mota, kupima betri, kuweka fyuzi, kutokufa. Nataka SIDO, na CAMARTEC kule Arusha, wachukue trekta moja bovu, walifungue mbele ya mafundi wa mtaani, na wasikilize kama wanavyosema. Nataka kila kamati iwe na fundi mmoja mwenye sauti, si wa kuitwa kutoa ushahidi na kufukuzwa. Na waandishi wenzangu, nawaomba mwache mgeni rasmi anywe chai yake, mwende nyuma ya jengo mkaone kilichotupwa.

Lile trekta liko wapi sasa? Linakata majani kwenye viwanja viwili vya shule nyingine na kwenye bustani ya kanisa moja, kwa malipo. Linakata asubuhi, masomo yakiendelea, na hakuna mwalimu aliyefunga dirisha. Kule kwa wenye trekta la kisasa wanasubiri watoto watoke, maana likinguruma hata kengele haisikiki.

Juzi simu ya mjomba iliita. Ni yule mjumbe. Trekta jipya limekataa kuwaka, mwenye kampuni anasema spea inakuja kwa meli, na mashindano ya shule yamekaribia. Je, mzee anaweza kuja kulikagua?

Nikamwambia, "Mjomba, usiende. Waache."

Akanitazama kama mtoto. Akachukua boksi lake la spana. "Mjomba," akasema, "mashine imekosa nini?"

Akaenda. Mimi nimebaki na hasira zangu, ndizo hizi nimewaletea.